Kamba ya Kisima

Kabla sijastaafu nilifundisha shule ya msingi kule Kongwa, na wafadhili wetu walikuwa na misimu. Mwaka mmoja kila mgeni alileta madawati, mpaka tukayarundika nje. Mwaka uliofuata ikawa miche ya miti, na sisi hata maji ya kunywa yanatushinda! Tukapiga picha, tukashukuru.

Ndipo akaja Mhindi mmoja mwenye duka mjini, mikono mitupu, akaniuliza, "Mwalimu, mnakosa nini?"

Hakuna aliyewahi kuuliza. Nikamjibu kwa aibu kwamba kamba ya ndoo ya kisimani imekatika. Kesho yake akaileta mwenyewe, picha hakutaka.

Ni rika la mwanangu wa mwisho, lakini kila nikiingia dukani kwake, mimi ndiye ninayemwamkia shikamoo.