Silinda Sita na Silinda Nane

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya viti vya ngozi vilivyochakaa hunirudisha Kiswere, masika yale mama alipokuwa na mimba ya mdogo wangu. Kijijini kulikuwa na magari mawili tu, pikapu kuukuu za Kimarekani. Shevrole ya kijani ilikuwa ya baba. Fodi nyekundu ilikuwa ya kaka yake, baba mkubwa Selemani. Kila jioni ndugu hao waliyaegesha ubavu kwa ubavu, wakafungua boneti na kubishana. Letu lilikuwa na silinda sita, likinywa petroli kidogo na kupanda kilima cha mchanga taratibu na shehena ya ufuta mgongoni. Lao lilikuwa na silinda nane. Baba alisifu uvumilivu wa injini yake, lakini Fodi ikiwashwa, ardhi ilitetema chini ya nyayo zangu, na Zuhura, binti wa baba mkubwa, alinitazama kutoka kiti cha mbele kama anayetazama kuku. Nilimwonea wivu sana.

Asubuhi moja uchungu ulimshika mama kabla ya wakati. Mkunga akasema limemshinda, mgonjwa apelekwe hospitali Lindi, upesi. Nikakimbilia Shevrole nikamfungulia mama mlango. Baba akaufunga.

"Hili litafika, ila litachelewa," alisema, kisha akavuka uwanja. "Shikamoo kaka. Naomba gari lako."

"Marahaba. Gari gani la kuombana, mdogo wangu? Mleteni mgonjwa."

Mama akaketi kati ya baba mkubwa na mkewe. Baba na Zuhura wakapanda nyuma, Zuhura amekumbatia furushi la kanga nilizozikunja mimi. "Wewe baki na bibi," baba aliniambia. Gari likatokomea, nami nikabaki nasikiliza mngurumo wake. Kwa mara ya kwanza niliomba liwe na kasi kuliko la kwetu. Niliomba huku nalia kwa hasira.

Kesho yake baba alirudi akatuchukua mimi na bibi kwa Shevrole. Tulifika mchana, taratibu, salama. Mama alikuwa amelala, amechoka, lakini mzima. Zuhura alikuwa kando yake, mtoto mapajani.

"Njoo umwone mdogo wangu," akaniambia.

Wangu! Daktari alikuwa amemwambia baba kwamba wangechelewa kidogo tu, tungewakosa wote wawili. Nilijua yanipasa kushukuru, na nilishukuru. Ila wivu haukungoja shukrani iishe.

Siku hizi kuna lami hadi Lindi, na kigari changu cha silinda nne kingemaliza safari ile kabla injini ya Fodi haijapata moto. Pikapu zote mbili ziliuzwa vipande vipande. Mdogo wangu sasa ana ndevu, anafanya kazi kwenye mitambo ya gesi kisiwani Songo Songo. Akija likizo, hupita kwanza kwa Zuhura. Yeye humwita dada. Mimi huniita kwa jina. Namsikia akicheka huko ng'ambo ya uwanja, chai yake ikipoa mezani kwangu, nami natoka mlangoni kumwita.