Hapana ya Kaka Yangu

Serikali ilipotaka kumwadhibu kaka yangu haikumfunga. Ilimrudisha kwao. Ilimpandisha ndege Kinshasa na askari wawili, ikamshusha Kalemie kwenye nyumba ya mama yetu, ikamwambia asitoke nje ya mji mpaka atakapopewa ruhusa. Nimeifikiria adhabu ile miaka mingi na bado inanitia hasira, kwa sababu adhabu yenyewe tulikuwa sisi.

Ilikuwa enzi za Zaire, na kaka alikuwa mbunge, ingawa wakati ule wabunge waliitwa makomiseri wa raia. Chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo upinzani haukuwa na benchi lake bungeni. Mpinzani alikuwa mtu aliyebaki ameketi wenzake wakisimama. Sheria zilipita kwa makofi: mkuu wa bunge anasoma, ukumbi unasimama, makofi yanapigwa, imekwisha. Siku ya bajeti karatasi ziligawiwa asubuhi na kura ikapigwa kabla ya chakula cha mchana. Kaka akabaki kwenye kiti chake, akanyoosha mkono, akasema hapana. Alisema hakuna aliyezisoma karatasi zile. Akauliza pia ni wapi ndani yake palipoandikwa daraja la barabara ya kutoka kwetu Kalemie kwenda Bendera, lililokuwa limelala mtoni tangu mvua zilizopita. Jioni redio ikatangaza kwamba bajeti imepita kwa kauli moja.

Hilo lilimchoma kuliko kufukuzwa. Alikuwa amepoteza kiti, mshahara na nyumba ya Kinshasa kwa sababu ya kura ambayo kwa hesabu ya wakubwa haikupigwa kamwe. Hakuwa na namna ya kumwonyesha mtu isipokuwa kumsimulia kwa mdomo wake. Na kusimulia ilikuwa sehemu ya kazi. Wabunge walipokuwa likizo walitakiwa kurudi kwa waliowachagua, wawaeleze walichokifanya kule. Wengi walikuja kunywa bia na kuonyesha suti. Kaka aliichukua kazi hiyo kama deni, na sasa likizo yake haikuwa na mwisho, ila wa kuwaeleza hakuwapata.

Watu hawakumtukana. Walimkwepa kwa adabu. Wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, pale sokoni, waliotoka upande wa kaskazini wa ziwa na waliompigia ngoma siku alipochaguliwa, sasa walikumbuka wamesahau kitu nyumbani kila alipokaribia. Alikuwa akianza, "Siku ile ya bajeti," na mtu ameshaaga. Akatugeukia sisi wa nyumbani. Tulimsikiliza wakati wa kula, tukamsikiliza tena, mpaka mdogo wetu wa kiume, aliyekuwa akifanya kazi reli, akaomba asisimuliwe zaidi, maana kwenye biro, ofisini kwao, walikuwa wameanza kumwuliza kaka yake anasema nini mezani. Mama naye alikuwa na maoni yake. Alitaka kujua kwa nini mwanawe hakupiga makofi kidogo tu, ya uongo, kisha akaendelea na kazi yake. Alimwuliza hivyo huku akimpakulia bukari, ugali wetu. Kaka alicheka, halafu akakosa hamu ya kula.

Kisha mama akaugua moyo. Miguu ikavimba, pumzi ikawa ya shida, akafariki mwanzoni mwa kiangazi.

Kwetu msiba hauna siasa. Mtu anaweza kuikwepa nyumba mwaka mzima, lakini ikiwa na maiti atakuja na unga wake, na hakuna ofisi itakayomwuliza alifuata nini. Walikuja wote. Wa reli, wa bandari, walimu wenzangu, wauza ndagala na wake zao. Mabenchi tuliyoazima parokiani hayakutosha, watu wakakaa kwenye mikeka na mawe. Hata mabwana wawili wa usalama walikuja, wakaleta sabuni, wakaketi mbele na leso mkononi kama wafiwa. Kaka alisimama mlangoni akautazama ule umati. Nilimwona uso wake, nikajua anawaza nini.

Kabla jeneza halijatoka, mtoto wa kwanza husimama na kueleza maisha ya marehemu: alizaliwa wapi, alizaa nani na nani, ugonjwa ulianzaje, nani alimhudumia. Watu husimama na kusikiliza, na hakuna anayemkatiza. Ilikuwa haki ya kaka, hata hao wenye leso wasingethubutu kumnyang'anya.

Hakuwa mtu wa kuvizia. Alituita nyuma ya jiko akatuambia wazi kwamba atasimulia maisha ya mama, halafu ataongeza maneno machache juu ya bajeti na daraja. Alisema mji wote uko pale na hautakusanyika tena kwa ajili yake. Mjomba, aliyemfuata mama kwa kuzaliwa na sasa ndiye mkubwa wetu, alimwacha amalize.

"Weye walikwisha kukumaliza, hawana tena cha kukufanya," mjomba akasema. "Ni huyu mudogo wako njo atalipa. Na huyu dada yako. Watamuacha afundishe?"

"Basi tupige kura," kaka akasema.

Ni yeye aliyeitaka kura, na ninataka hilo lieleweke. Mjomba akauliza ni nani wanaotaka mama azikwe kwa habari za mama tu. Tungenyoosha mikono kama watu wenye akili zao. Lakini tulikuwa tumezoeshwa kwenye mikutano ya chama kwamba likiulizwa swali la namna ile mikono inajua pa kwenda. Shangazi akapiga makofi. Mdogo wetu akafuata, kisha wengine, kisha mimi. Nilipiga. Nilikuwa na watoto wa kulisha, na mpaka leo sijaona ni kitu gani kingine ningefanya. Kule mbele wanawake waliokuwa wakiimba wakanyamaza, wakijiuliza ni msiba gani huu unaopigiwa makofi.

Kaka alitutazama mmoja mmoja. "Imepita," akasema, akaingia ndani kuvaa koti.

Alisimulia maisha ya mama vizuri sana. Alieleza alivyozaliwa Kongolo, alivyoshuka na treni akiwa msichana asiyemjua mtu Kalemie, alivyotulea kwa kuuza chikwangue, mkate wa muhogo, baada ya baba kufa. Alipofika kwenye ugonjwa na kumaliza, aliutazama tena ule umati. Watu walisubiri. Wale mabwana wa leso waliinua vichwa. Mimi sikuweza kumtazama, nikatazama viatu vya mjomba. Kisha akasema asanteni kwa kuja, twende tukamzike.

Baada ya siku ile sikumsikia tena akianza, "Siku ile ya bajeti." Wala sokoni, wala mezani. Nilidhani ni majonzi, na nusu yangu ilifurahi kupumzika.

Msamaha wa serikali ulipokuja, wale waliokubali kuomba radhi walirudishiwa viti vyao, na kaka alikubali. Hakubishana hata kidogo. Likizo yake ya kwanza alikuja na suti nzuri kuliko zote nilizowahi kumwona nazo, na watu wakajaa uwanjani kumsikiliza. Wauza ndagala walikaa mstari wa mbele. Alisoma majina ya sheria walizopitisha, moja baada ya nyingine, na kila moja ikapigiwa makofi. Daraja hakulitaja, ingawa bado lilikuwa mtoni. Nilisimama nyuma na wanafunzi wangu, na niliona haya nisijue ni kwa ajili ya nani.

Alipokuja kwangu kula nilimngoja anawe mikono.

"Yaya," nikamwambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "ile bajeti mupya, ulipiga kura gani?"

Alijifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole.

"Ile ile mulipiga nyuma ya jiko," akasema.

Nilitaka kumjibu kwamba sisi hatukuwa sawa na wale wa Kinshasa, sisi tulikuwa na watoto. Kisha nikafikiri kwamba siku ile ya bajeti, katika ukumbi wote uliosimama kupiga makofi, kila mmoja wao naye alikuwa na watoto.