Sahani Iliyojinyoosha

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Hata miaka ile mashamba ya karanga yalipovuma Nachingwea na vijana wakikimbilia matrekta, mimi na elimu yangu ya sekondari tulibaki barazani Ruangwa, tukingoja chai.

Kwa hiyo mashine yetu ya kusaga ilipokufa, nilidhani hayanihusu. Tundu la gurudumu lake la mkanda lilikuwa limelika, likawa linazunguka bure. Lakini makopa ya muhogo yalikuwa yamejaa nyumbani, na mke wangu alikuwa ameteguka bega. Alijaribu kutwanga. Mchi ulimponyoka, akageukia ukuta ili nisimwone uso.

Nikapanda lori kwenda Nachingwea, nimelipakata lile gurudumu kama mwana mchanga. Shemeji, mdogo wake mke wangu, alikuwa na mashine ndogo ya kukereza chuma, ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani.

"Taya za mashine yangu hazilikamati, gurudumu ni pana mno," alisema. "Inatakiwa sahani. Duara la chuma linaloshikwa mbele ya mashine, kazi unaifunga juu yake kwa bolti."

"Basi tukainunue."

"Wapi, shemeji? Tunaitengeneza."

Alichagua kipande kinene cha duara kwenye mabaki ya matrekta. Akakereza kitako kidogo, akakichonga hesi, ile mifereji ya skrubu, kwa ndani, akakifunga nyuma ya duara, kisha akakaza vyote kwenye mashine. Nilipokanyaga, sahani ikayumba kama mlevi anayetoka ngomani. Nikasimama.

"Shemeji, imepinda hii."

"Imepinda, ndiyo. Nani alikwambia usimame? Kanyaga!"

Alisogeza kipande cha kopa la muhogo, kama chaki, mpaka kikagusa chuma kinachozunguka. Tuliposimama, weupe ulikuwa upande mmoja tu.

"Peupe ndipo palipotokeza. Niliona wakifanya hivi karakana ya mashamba ya karanga, mara moja, tena kwa mbali."

"Kwa mbali?"

"Unakanyaga kama bibi harusi. Kanyaga!"

Kisu cha mashine kikaanza kuuma: tk, kimya, tk, kimya. Kilikata palipotokeza tu. Kwenye uso mweusi ukatokea ukingo mwembamba unaong'aa kama mwezi mwandamo. Ukanenepa. Milio ikarefuka, ikashikana, mpaka ikawa mvumo mmoja usiokatika. Miguu yangu ilikuwa inawaka, lakini sikuthubutu kuacha. Safari hii kopa liliacha weupe pande zote.

Nikaitazama ikizunguka nikadhani imesimama. Kitu kilichopinda, kimefungwa kwenye mashine, kimenyooka kwa kuzunguka kwake chenyewe! Tulijiona humo wawili, nyuso nyeusi kwa grisi.

Kisha shemeji akaitoboa, akalifunga gurudumu juu yake, akatumia kopa lile lile kulipatia katikati. Akapanua tundu na kulitia bushi mpya, bomba fupi la chuma la kuziba palipolika. Nami nikalipakata tena hadi Ruangwa.

Mkanda ulipovalishwa na mashine kunguruma, mke wangu aliinua kapu kwa mkono mzima akalimimina. Akakinga unga kwa kiganja, akaniita.

"Njoo ushike."

Ulikuwa wa moto.

"Leo utakula ugali," alisema, "na utausonga wewe."

Nikausonga.