Siku Mama Aliita Jina ya Kipa Wao

Kila mara nikisikia harufu ya samaki ya Vitshumbi, kule ku ziwa, ile ya moshi, ile inaingia mu nguo na haitoki hata ukifua mara mia mbili, miguu yangu inaanza kuwasha kama inatafuta mupira. Mama alikuwaka anauzisha ile samaki mbele ya nyumba yetu, huku Mabanga, mutaa ya Goma. Siye bote tulinuka. Nakuapia, paka za Katoyi zilikuwa zinavuka muji kuja kunisalimia.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili, jina Masika, na nilikuwa napiga mupira kuliko banaume bote ba avenue yetu. Hapo sijaongeza kitu, ao labda kidogo. Kila mwaka batoto ba inchi za jirani balikuwaka banakuja Goma kwa mashindano. Hoteli ya kubatosha bote haikukuwa, basi balikuwa banagawiwa mu manyumba ya batu, moja moja. Ule mwaka siye tulipewa Biira, kipa wa banabinti ba Kasese, kule Uganda.

Biira alikuwa murefu sana. Nilifikiri akipanda juu ya kiti ataona kwao. Lakini Kiswahili yake haikutosha hata kuomba maji. Alisimama pa mulango, begi kifuani, macho chini. Mama, Munande wa Butembo, akamuuliza kitu na Kinande, pole pole, kama mutu anajaribu maji ya moto na kidole. Biira akajibu. Kumbe luga ya kwao na ya mama ni ndugu. Toka pale hawakunyamaza siku tatu. Balicheka, baligeuza samaki pamoja, na miye muzaliwa wa Goma nilikuwa najua tu Kinande ya kuitwa kula na ya kugombezwa. Biira akapewa kitanda yangu. Akapewa kichwa ya samaki, ile ilikuwa yangu toka nizaliwe. Nikawa mugeni mu nyumba yetu.

Jirani yetu, mama Neema, alishauri mama amushindilie ule mutoto bugali, aende ku goli muzito kama jiwe ya volkano. Mama alimushindilia kweli, lakini na mapendo, na ule mutoto akazidi kuruka.

Siku timu yetu ilikutana na ile ya Kasese, Mabanga nzima ilishuka ku uwanja. Batu balipanda juu ya ukuta, bengine juu ya mabega ya bale ba ukuta. Bageni balikuwa na goli moja, siye zero. Dakika za mwisho tukapewa penalti, na coach akanitia mupira mu mikono. Nikauweka chini. Batu bote bakaanza kuita Masika, Masika, mpaka vumbi nyeusi ikaruka pekee yake. Kisha bakanyamaza ili nipige.

Katikati ya ile kimya nikasikia sauti moja. Ile sauti ningeijua hata radi ikipiga.

"Biira! Mutoto wangu, simama muzuri!"

Mama yangu. Alikuwa nyuma ya goli, pekee yake, kitambaa ya samaki ingali mu kiuno.

Nilipiga. Sijui nilipiga mupira ao hewa. Biira aliupokea kama mutu anapokea mutoto wa siku mbili, na pale ikaisha, tukatoka mu mashindano.

Jioni nikaulizia mama:

"Wewe ni mama ya nani?"

Alikuwa anapanga samaki. Hakugeuka.

"Yako," akasema. "Leta chumvi."

Nilileta, lakini siku mbili sikumusemesha. Kwa mutu wa midomo kama miye, ile ni sawa na miaka mbili. Hakunieleza kitu. Biira alipoenda alilia juu ya bega ya mama, na kila chozi niliiona kama kitu ananiiba.

Miaka mingi ikapita. Mwaka jana Kasese ndiyo ilipokea batoto ba mashindano, na binti yangu Kavira akachaguliwa. Mama nilishamuzika, hakuna wa kuulizia tena. Nilibaki huku Mabanga nauzisha samaki kama yeye, telefone mu mukono, bakiriya bananiita na siwasikie. Mu kichwa nilikuwa namuona Kavira kule, mudogo mu kiwanja ya batu, na batu bote banaita majina ya batoto babo.

Jioni akapiga. Akaanza kunihesabia magoli, nikamukata.

"Nani alikuwa anaita jina yako?"



"Mama moja pale. Simujui. Aliita mpaka sauti ikapotea."

Nilikaa chini pale pale, mbele ya bakiriya. Siku ile ya penalti batu maelfu balikuwa banaita Masika. Haya, nitapunguza: mia tano. Wa kuita Biira hakukuwa hata moja. Mama aliona ile. Miye nilikuwa naangalia mupira.