Maharage Yenye Madoa

Kazi yangu ni kueleza jinsi ubongo unavyoona. Jicho huleta habari tu. Ubongo huwa umeshakisia mapema kilichopo mbele yake, na hujifunza pale makisio yanapokosea. Mimi huandika programu za kompyuta zinazoiga makisio hayo. Kwa mama yangu, kijijini kwetu Mbulumbulu, hiyo inaitwa kucheza na kompyuta.

Nikiri mapema: macho ya mama yalikuwa yanafifia, na mtu wa mwisho kujua nilikuwa mimi.

Nilirudi nyumbani kabla ya mvua, msimu ambao majirani humletea mama maharage awachagulie ya mbegu. Mazuri hubaki kwenye ungo. Yaliyotobolewa na wadudu, yaliyonyauka na yenye madoa ya ugonjwa huenda jikoni. Mama alikuwa gwiji wa kazi hiyo, nami nikataka programu yangu ijifunze kwake. Nikafunga kamera juu ya ungo, nikapiga picha kila punje na upande alioiweka.

Alichambua huku akipiga soga na jirani yetu, hata haangalii chini. Nikaandika kwenye daftari kwamba ubongo wa bingwa hauhitaji tena kutazama. Nikapigia mstari, tena kwa wino mwekundu.

Programu ikajifunza. Tundu la mdudu ilikamata, punje iliyonyauka ilikamata, lakini yenye madoa iliiweka kwenye mbegu bila haya. Nikairekebisha, nikaifundisha upya, ikarudia yale yale. Wiki mbili nilishinda nikiigombeza, na mama akipita na chai ananichungulia.

"Bado haijaelewa? Mwanafunzi mzito huyo. Mpe ugali, labda ana njaa."

Asubuhi moja, kwa hasira, nikaacha kompyuta na kwenda kuangalia mbegu zenyewe. Nikaingiza mkono kwenye debe la jirani ambalo mama alikuwa amelimaliza. Lilikuwa na madoa tele. Programu haikuwa imekosea hata kidogo. Ilikuwa imemwiga mwalimu wake kwa uaminifu. Mwanafunzi mzito nilikuwa mimi.

Nikachukua punje moja yenye doa jeusi, nikampelekea.

"Mama, hii vipi?"

Akaibiringisha kati ya vidole. "Nzuri. Laini, imejaa."

"Rangi yake?"

Akaibiringisha tena. "Rangi ya maharage."

Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia. Nikamuuliza tangu lini. Akasema ukungu ulianza zamani, ukaja polepole, naye akahamia kwenye vidole.

"Mbona hukusema?"

"Niseme ili iweje? Wakijua sioni, nani ataniletea mbegu? Halafu, mwanangu, si wewe ndiye msomi wa kuona?"

Nikamwambia tunashuka Karatu hospitali. Akakataa kabisa kuondoka kabla ya kusafisha debe la watu, basi tukakaa na ungo katikati, yeye vidole, mimi macho. Jirani akatukuta hapo, na mama, ambaye hajui kudanganya mtu uso kwa uso, akamwambia yote.

"Shoga, tunajua," jirani akasema, akivuta kigoda. "Sisi tukifika nyumbani tunapitia madoa wenyewe. Lakini mbegu iliyo hai hakuna anayeijua kama wewe. Sasa hilo ndilo la kulilia?"

Mama akatukana kidogo kwa Kiiraqw, lugha yetu, akaendelea kuchambua.

Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, anaondoleka. Mama aliogopa sana. Siku ya upasuaji, njia nzima alishika mkono wangu na kuyasema magari ya watalii yanayopanda kwenda geti la Ngorongoro, eti hao wanatoka mbali kote huko kuja kuangalia nyati.

Kesho yake bandeji ikatolewa. Mama akapepesa macho, akanitazama, akaendelea kunitazama.

"Nani amekuzeesha hivi?"

"Mama!"

"Una mvi! Mimi nilikuwa nakuona vilevile ulivyoondoka kwenda chuo. Kila ukija, uso ule ule."

Nikacheka. Ningeweza kumweleza kwamba macho yalipoacha kuleta habari, ubongo wake ulikuwa unanichora kwa kumbukumbu. Ndiyo kazi yangu hiyo. Lakini mimi macho yangu yalikuwa mazima, na miaka yote hiyo nilikuwa nikimwona mama yule wa zamani, aliyekuwa akitunga uzi kwenye sindano bila kukunja uso. Sikuwahi kumpa nafasi ya kuwa mwingine. Yule aliyeketi kitandani alikuwa bibi mwembamba, mabega yameshuka, vidole vimepinda kwa kazi.

Niliona aibu, nikamwambia hivyo.

"Acha hizo," akasema. "Geuka nione na upande wa pili."

Nikageuka. Nikasogeza kiti karibu na kitanda, akanitazama mpaka akatosheka, nami nikamtazama.