Oili Ilikuwa Bado Safi

Mke wangu ndiye aliyekuwa dereva wa nyumba yetu. Gari letu dogo la petroli, lililofika nchini likiwa tayari limechakaa huko lilikotoka, alilinunua mwenyewe kwa mshahara wake wa ualimu. Mimi nilikuwa mtu wa kiti cha pembeni, mwenye kupakata mfuko wa nyanya. Alipofariki, watoto walizika, wakakaa siku za matanga, kisha wakarudi Dar es Salaam kwenye kazi zao. Nikabaki Tinde na nyumba, kuku wachache na funguo za gari.

Leseni nilikuwa nayo tangu ujanani. Ila kuhusu injini nilijua jambo moja tu, kwamba yeye alikuwa akimwaga oili na kuweka mpya kila kilomita elfu tatu. Nikaamua kuendelea hivyo hivyo.

Kilichonishinda ni kwamba sikuwa na pa kwenda. Kanisani Jumapili, sokoni siku ya gulio, basi. Kwa mwendo huo kilomita elfu tatu zingenimalizia mwaka. Nikajiambia kuwa gari la zamani linataka kuangaliwa mara kwa mara, nikawa nalipeleka gereji Shinyanga mjini kila mwezi. Pale gereji kulikuwa na benchi la mbao kwenye kivuli cha bati, na mimi nilikaa hapo asubuhi nzima. Mafundi walibishana kuhusu mpira, kuhusu mpunga uliokosa mvua, kuhusu ndugu zao waliokimbilia Geita baada ya kusikia dhahabu imetoka mahali fulani. Kila nilipofika, kuna aliyeniuliza nimeamkaje. Swali hilo nyumbani halikuwa na wa kuliuliza tena.

Siku moja fundi mkuu, mtu mzima mwenye mvi kama mimi ingawa aliniamkia shikamoo, alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili na kukifuta kwa kitambaa. Akakichovya tena, akakileta mpaka pale nilipokaa.

"Mzee wangu, hebu tazama mwenyewe."

Oili ilikuwa na rangi ya asali.

"Hii bado safi," akasema. "Hata ya mwezi uliopita niliimwaga shingo upande. Safari hii siimwagi."

"Mama alikuwa anamwaga kila elfu tatu," nikamwambia.

"Mama alianza na oili za zamani, zile zilikuwa zinakufa upesi. Hizi za sasa zinastahimili. Gari jipya linakwenda hata elfu kumi. Hili lako, kwa uzee wake na vumbi letu, tuseme elfu tano. Na kama halitembei, basi miezi sita, kwa sababu oili ikikaa tu nayo inaharibika. Kitakachotangulia kati ya hivyo viwili, ndipo uje."

"Miezi sita?"

"Miezi sita, mzee."

Alisema kwa wema, akidhani ananipunguzia mzigo. Niliitikia kwa kichwa. Sikuweza kumwambia kwamba oili haikuwa shida yangu. Nikasimama, nikaaga benchi zima, nikarudi Tinde polepole mpaka malori yakawa yananipigia honi.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko zile za baada ya mazishi. Wakati ule watu walikuwa bado wanapita kunipa pole. Sasa nilikuwa nawasha redio kabla hata sijafungua dirisha, na nilianza kuwasemesha kuku. Nilipika ugali wa watu wawili kwa mazoea, nikala nusu, na nusu nyingine nikawatupia hao hao kuku.

Asubuhi moja nilifuta vumbi kwenye gari, na wazo likanijia: kama gari linaweza kwenda elfu tano bila kuguswa, kwa nini lisiende? Mdogo wake marehemu anaishi Geita, anapikia wachimbaji chakula. Tangu msibani tulikuwa hatujaonana. Nikavaa shati la kanisani, nikaondoka.

Nilishika njia ya Kahama. Nilipokaribia Masumbwe taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye dashibodi, ikazimika, ikawaka tena. Nilizima injini na kuliacha gari lijiburuze mpaka pembeni. Mama mmoja aliyekuwa anauza viazi vitamu kando ya barabara alinisalimu kwa Kisukuma, "Mwadila," nami nikamwitikia huku nafungua boneti. Nilichomoa kijiti. Ncha tu ndiyo iliyolowa. Mama yule alimsimamisha bodaboda, akamtuma mjini Masumbwe kunitafutia oili, kisha akanipa ndoo yake nikalie.

Nilimpigia fundi simu, nikamweleza yote.

"Aa, inakula oili," akasema. "Injini imechoka ndani, na hizi nyepesi inazichoma. Nilipaswa kukuuliza kama huwa unapima. Ongeza hiyo atakayoleta, nenda taratibu. Ukirudi tutaweka nzito kidogo. Na kijiti, mzee, kila wiki. Kumwaga na kupima ni vitu viwili."

Geita niliingia alasiri. Shemeji alikuwa anaosha masufuria nyuma ya kibanda chake. Aliponiona aliganda, mikono ikiwa bado ndani ya maji.

"Shemeji! Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja kusalimia."

Alikaa chini palepale, akacheka, halafu akalia. Alisema yeye na ndugu zake walikuwa wanaogopa kunisumbua, kwamba kila akitaka kupiga simu anamsikia dada yake, anashindwa. Akanipakulia wali na samaki, akanitazama nikila mpaka mwisho. Tulizungumza kidogo sana. Alichotaka kujua zaidi ni kama dada yake alikuwa na maumivu siku za mwisho, na nilimwambia ukweli.

Nililala kwake, na kesho yake nikarudi peke yangu. Fundi aliweka oili nzito, taa haijawaka tena. Sasa namwaga mara mbili kwa mwaka, na Jumamosi napima kwa kijiti, nikiongeza inapopungua. Kuna miezi ninayokwenda Geita, na kuna mingine nashindwa hata kutoka getini. Shemeji amekuja Tinde mara moja, akafagia kaburi, akaondoka na basi la mchana.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilikaa ndani ya gari uani, kwenye kiti cha dereva, nikasikiliza redio mpaka mvua ikakata.