Ziwa Lililongoja Karatasi

Udongo ukiungua hutoa harufu isiyofanana na moshi wa jikoni. Ni nzito, ina uchachu, kama blanketi bichi lililoanikwa juu ya makaa, na ikishaingia kwenye nguo haitoki kwa sabuni. Niliijua nikiwa na miaka tisa, kiangazi kimoja cha vita, katika bonde lililo chini ya kijiji chetu upande wa Kipese. Bonde hilo tuliliita Ziwa, ingawa maji hayakuwemo. Wazungu waliyatoa zamani kwa mfereji mrefu, wakitaka malisho ya ng'ombe, kisha wakaondoka. Wakaja wengine na miche ya chai, wakaondoka. Wakaja wengine na mabwawa ya samaki. Kila mradi uliacha kitu chake: josho la ng'ombe lenye ufa, mabomba yaliyoota kutu, kibao chenye herufi nusu nusu. Lakini ukimwuliza mtoto mama yake yuko wapi, alijibu tu, "Iko ku Ziwa," na huyo mama alikuwa amesimama kwenye ardhi kavu akipalilia viazi.

Mradi wa mwisho ulikuwa wa kabichi na vitunguu, na baba yangu ndiye aliyekuwa mlinzi wa vane. Vane ni lango la chuma mdomoni mwa mfereji: likiwa wazi bonde hukauka, likifungwa maji hurudi. Liliwekwa wazi kwa mnyororo na kadenasi kubwa, na ufunguo wa kadenasi baba aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Vita vilipokaribia, agronomu, mtaalamu wa kilimo wa mradi, alifunga virago vyake kwenye pikipiki akakimbilia Beni. Maneno aliyomwachia baba tuliyasikia baadaye mpaka tukayachoka: "Papa Masika, hapana gusa vane bila karatasi yangu. Nitarudi nyuma ya wiki mbili." Masika ndiye mimi, mtoto wa kwanza. Baba hakusoma sana, lakini aliiheshimu kashe, ule muhuri wa zambarau, kuliko alivyomheshimu padri, Mungu anisamehe. Karatasi isiyo na kashe, alikuwa akisema, ni ya kufungia karanga. Wiki mbili zikapita, ikapita miezi, na yeye kila asubuhi alishuka kufagia majani mfereji usizibe, bila mtu wa kumwambia asante.

Kule Ziwani hakuna aliyewasha moto. Hata mzee mwenye kiko alikizima mlimani kabla ya kushuka, kwa sababu udongo wa kule ni majani yaliyooza, mweusi, mwepesi, na ukishika moto huwaka kwa ndani. Sisi watoto tulilijua hilo kabla hatujajua kufunga vifungo vya shati. Askari waliokuja kiangazi kile hawakulijua. Sikumbuki walikuwa wa kundi gani. Majina yalibadilika mno. Walipiga kambi katikati ya bonde, wakachoma viazi vyetu palepale, kisha wakahamia barabarani na kuacha majivu. Baada ya siku chache ardhi ilianza kutoa moshi, na miali haikuonekana popote. Ukilaza kiganja chini ulihisi joto. Wanawake walishusha ndoo za maji, wakamwaga, udongo ukayanywa yote, na kesho yake moshi ulitokea hatua ishirini mbele, ukielekea shamba la mama.

Dawa ilikuwa moja: kufunga vane, maji yarudi, moto ufe. Mama alimwambia baba hivyo wakati wa kula, tena na tena. "Funga, Papa Masika. Viazi bya chini bitaoza, tutabililia. Lakini udongo utabakia. Sasa udongo yenyewe iko inakufa." Baba aliushika ufunguo kifuani. "Nitafunga namna gani? Batu batasema nilizamisha mashamba yabo kwa kichwa yangu. Nilituma habari Beni. Karatasi itakuya." Mama alisukuma sahani yake pembeni na kutoka nje. Nilimchukia baba siku hiyo, nikamhurumia vilevile, na sikujua niziweke wapi hisia mbili za namna hiyo.

Karatasi ilikuja. Jumapili moja baada ya misa, mama mmoja mchuuzi wa mawese aliyetoka Beni alinivuta nyuma ya kanisa akanitia kitu mkononi. "Pelekea papa yako, mbio. Hapana onesha mutu." Niliifungua njiani. Ilikuwa ya Kifaransa, mwandiko wa haraka, sikuelewa neno, lakini chini kulikuwa na kashe, mviringo wa zambarau, mkubwa, mbichi kabisa. Nilikimbia kwa furaha mpaka kwenye bariyere, kizuizi cha barabarani cha wale askari. Mbele yangu walikuwa wamempata mwanamume mmoja na barua ya Beni, na Beni ilikuwa mikononi mwa maadui zao. Walimwita mpelelezi. Walimpiga mateke mpaka akaacha kuomba. Nikaitia barua yangu mdomoni. "We mutoto, unakula nini?" askari mmoja akauliza. Nilitafuna, nikameza, nikasema ni kiazi. Nyumbani mama alinishika kidevu. "Masika, ulimi yako iko zambarau. Ulikula nini?" Nikasema matunda ya njiani. Hayakuwa majira ya matunda. Mama aliniangalia kidogo, kisha akaniachia. Sikuwaambia habari ya barua, kwa hofu kwamba wangenirudisha njia ileile kutafuta nyingine. Nilijiambia kwamba karatasi nyingine itakuja.

Siku tisa baadaye mama alishuka kuokoa viazi vya mwisho. Juu ardhi ilionekana nzima, chini ilikuwa imeshaliwa, ikabomoka chini ya mguu wake wa kulia, akaingia kwenye makaa mpaka gotini. Kelele zake ninazo hadi leo. Wakati majirani wakimbeba kwa machela, baba alikimbilia vane, akafungua kadenasi, akaliteremsha lango bila karatasi ya mtu yeyote. Maji yalirudi polepole, na kila yalipofika udongo ulilia kama sufuria ya moto. Shamba letu lilikuwa limekuwa shimo la majivu. Kabla ya mvua kuanza vita vilitufikia, nasi tukaenda Beni, mama mgongoni mwa baba.

Mpaka leo tuko Beni, mtaa wa Bungulu. Mama anachechemea, namtambua kwa hatua zake kabla hajaingia. Ziwa limekuwa ziwa kweli, matete na bata, na wanaotoka Kipese wanasema kibao kipya kimesimamishwa ukingoni: mradi mwingine, wa kuyatoa maji. Siku hizi barua ingefika kwa simu, picha yake pamoja na kashe, na hakuna mtoto ambaye angelazimika kuila. Mwaka jana nilimkuta yule agronomu, mzee sasa, akiuza mbegu sokoni. "Nilimuandikia papa yako afunge mara moja, asingojee mutu," aliniambia. "Hakupata?" Nilinunua mbegu za kabichi nisizozihitaji nikaondoka.

Jioni hiyo nilimwambia baba. Alikuwa ameketi chini ya msumari ambapo ufunguo ule umetundikwa, bado anaupaka mafuta kila Jumamosi. "Papa, karatasi ilikuya. Niliikula ku bariyere." Aliinua macho kwenye ufunguo.

"Ilikuwa na kashe?"

"Hapana, papa."

"Basi ningengojea tu," akasema, na mabega yake yakashuka. "Haikukuwa wewe, Masika."

Mama alikuwa karibu yetu akichambua maharagwe. Aliinua macho, akauangalia mdomo wangu, kisha akarudi kwenye maharagwe yake.